Picha za Theodor de Bry juu ya Wahispania na Wenyeji wa Amerika

Katika vitabu vya historia, na pengine ukutani ndani ya kadre yenye kioo, twaona picha moja ya zamani: mtu amefungwa kwenye mti, moto unawashwa miguuni pake, na mtawa amesimama mbele yake na msalaba mkononi. Anayechomwa ni Hatuey, sultani aliyepigana na Wahispania katika kisiwa cha Cuba, nao wakamwua mwaka 1512. Mkristo akiitazama, moyo wake wahangaika. Je, ndivyo ilivyokuwa? Na yule mtawa, kazi yake pale ni nini? Katekista akiulizwa hivi na wanafunzi wake, asijibu upesi. Kwanza ajue picha imetoka wapi.

Imetoka Frankfurt, katika Ujerumani, mwaka 1598. Waliotengeneza ni Theodor de Bry na wana wake. De Bry alizaliwa mwaka 1528 huko Liège, mji ulio leo katika Ubelgiji. Alikuwa mfua dhahabu, tena Mprotestanti. Akahama kwao, akaishi Strasbourg, Antwerpen, London, mwisho Frankfurt. Amerika hakufika hata siku moja. Alisoma vitabu vya wasafiri, akatazama michoro ya wengine, kisha akachonga.

Tunasema akachonga, sababu kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walitwaa bamba la shaba, wakalisugua mpaka kung'aa, wakachimba mistari kwa chuma chenye ncha kali, yote kinyume, upande wa kuume ukawekwa kushoto. Wino ulipakwa ukaingia katika mistari; ule wa juu ukapanguswa. Kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa nguvu katika mashini. Ndiyo maana picha halisi ya namna hiyo ina alama ya bamba pande zote, kama mbonyeo mdogo katika karatasi. Nyingi zilizo leo katika kadre ni kurasa zilizokatwa toka vitabuni, au nakala tu, na rangi zilitiwa baadaye. Na hapa kadre inaleta hasara: maneno ya Kilatini yaliyochapwa pamoja na picha pengine yamekatwa au kufichwa. Picha inabaki bubu, kila mtu anaipa maneno yake.

Sasa tuangalie vizuri. Katika picha moja ya mwaka 1594, Columbus anashuka kisiwani, na wenyeji wanamletea zawadi. Zawadi gani? Vyombo vya thamani kama vile vilivyofuliwa Ulaya! Mfua dhahabu alichora alivyovijua kwa mikono yake. Na miili ya wenyeji ni miili ya sanamu za Wagiriki na Waroma. Anayetaka kujua sura za watu wa visiwa vile asizitafute hapa.

Je, tuseme basi yote ni uongo? Wako Wakatoliki waliosema hivyo, kwamba ni matukano ya Waprotestanti tu. Ni kweli, wakati ule Waholanzi walikuwa katika vita na mfalme wa Hispania, na adui zake walipenda sana picha hizo. Lakini habari zinazoonyeshwa si za Mprotestanti. Ni za Bartolomé de las Casas, Mdominikani, aliyekuwa askofu wa Chiapas, katika nchi ya Mexico ya leo. Aliziandika mwaka 1542, zikachapwa Sevilla mwaka 1552, kwa ajili ya Filipo, mwana wa mfalme. De Bry aliongeza picha 17. Las Casas ndiye anayesimulia kwamba Mfransiskani alimfundisha Hatuey njia ya mbinguni pale penye moto; Hatuey akauliza kama Wahispania nao wanakwenda huko. Akajibiwa kwamba walio wema wanakwenda. Akasema afadhali jehenamu, asikutane nao tena. Askofu hakuandika hayo ili kuidharau dini. Alitaka wakubwa waone ni nani waliokuwa wakiwafungia watu mlango wa mbingu.

Wala hakuwa wa kwanza kusema. Dominika ya Majilio ya mwaka 1511, Mdominikani Antonio de Montesinos aliwahukumu mabwana wa Santo Domingo uso kwa uso kanisani. Mwaka 1537 Papa Paulo III alitangaza kwamba wenyeji ni watu kweli, na si halali kuwanyang'anya uhuru na mali, hata wakiwa bado wapagani.

Lakini Las Casas naye tusimfanye malaika. Hesabu zake za waliokufa, wenye elimu wengi wanaziona zimezidi, na ndui iliua wengi kupita upanga. Mpaka mwaka 1514 yeye mwenyewe alikuwa na wenyeji waliomfanyia kazi kwa lazima. Kibaya zaidi, mwaka 1516 alishauri watumwa weusi wapelekwe kule ili wenyeji wapumzishwe. Msomaji Mwafrika hawezi kulipita jambo hilo upesi. Baadaye alitubu akaandika toba yake katika kitabu kikubwa cha historia, kisichochapwa mpaka mwaka 1875.

Tena wenyeji wenyewe walichora. Katika kitabu cha Mfransiskani Bernardino de Sahagún, kinachotunzwa Firenze, wachoraji wa Mexico walionyesha wagonjwa wa ndui wamelala juu ya mikeka. Huko Peru, Felipe Guaman Poma de Ayala, mwenyeji na Mkristo, alichora picha karibu 400, akamaliza kitabu chake kama mwaka 1615. Mna mapadri wema, mna na mapadri wanaopiga watu. Picha hizi hazina uzuri wa de Bry, nazo hazionekani sana katika kadre. Sisi tungezitundika kwanza.

Na mwaka ule ule wa 1598 wana wa de Bry walichapa kwa Kilatini habari za ufalme wa Kongo, pamoja na picha. Zilikuwa zimeandikwa Roma na Filippo Pigafetta, toka kinywani mwa Mreno Duarte Lopes, zikachapwa mara ya kwanza mwaka 1591. Leo picha hizo nazo huitwa picha za Kongo ya kale. Waliozichonga hawakuiona Kongo, na Pigafetta naye hakuiona.