Mzee Muyinda na marimba yaliyotoka ikulu

Katika misa ya Jumapili pale Mbuya, kama ilivyo katika parokia nyingi za Kampala, ngoma hupigwa kanisani na hakuna anayeshtuka. Wazee wanakumbuka mambo yalivyokuwa. Kwa miaka mingi wamisionari waliziona ngoma kuwa mambo ya kipagani. Ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, ulioagiza muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe. Mwaka uliofuata mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu mjini Roma, na Joseph Kyagambiddwa alikuwa ametunga oratorio yao, tungo kubwa ya kwaya, kwa Kiganda. Kyagambiddwa anatajwa sana, na anastahili. Mwanamuziki mwenzake wa zama hizo, Evaristo Muyinda, hatajwi vya kutosha, na hilo linaniuma.

Nchini India kuna desturi ya kumheshimu mwimbaji ambaye pia ni msomi wa muziki. Prabha Atre, aliyefariki Januari 2024, aliimba jukwaani hadi uzeeni, akaandika vitabu juu ya sanaa yake, akapata shahada ya uzamivu na nishani kubwa za taifa. Uganda ilikuwa na mtu wa namna hiyo, naye ni Muyinda, ila yeye shahada hakuwa nayo. Elimu yake aliipata kwa Kabaka, mfalme wa Buganda.

Muyinda alizaliwa mwaka 1914, akawa mpigaji katika kasri la Kabaka Mutesa II, Mengo. Alipiga marimba, zeze na filimbi, na aliimba. Muziki wa kasri ulikuwa na wenyewe: vikundi vya wapigaji vilipeana zamu, na marimba makubwa, akadinda, yalikuwa ya mfalme peke yake. Asiyezaliwa au kulelewa ndani ya desturi ile hakufundishwa kwa urahisi.

Alichofanya Muyinda ni kuutoa ujuzi ule nje ya ua. Alifanya kazi Makumbusho ya Uganda, ambayo kuanzia 1948 hadi 1957 yalisimamiwa na Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyezunguka nchi hii akirekodi waimbaji na wapigaji. Vyombo vya makumbusho kwa kawaida hukaa kimya kwenye kabati la kioo. Pale Kampala vilipigwa, na Muyinda alikuwapo kumwonyesha mgeni vinavyopigwa. Akaunda pia kikundi kilichounganisha vyombo vya aina mbalimbali ambavyo zamani kila kimoja kilikuwa na watu wake.

Ujuzi wenyewe si wa mchezo. Marimba ya amadinda yana mbao 12, zimelazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana. Wa kwanza, omunazi, anaanzisha mapigo yake yenye nafasi sawa. Wa pili, omwawuzi, anaingiza ya kwake katikati ya yale ya mwenzake, pigo kwa pigo, bila kugusana. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu za mwisho, zile ndogo zenye sauti nyembamba. Kazi yake ni kusikiliza sauti mbili nzito za upande wa pili zinavyojitokeza katika msukosuko ule, kisha kuzirudia kwa juu. Anayesikiliza kando anasikia wimbo ambao hakuna mkono hata mmoja uliokuwa ukiupiga. Mganda anayeijua lugha husikia humo hata maneno.

Mwishoni mwa 1959 alifika kijana kutoka Vienna, Gerhard Kubik, akaketi mbele ya Muyinda kama mwanafunzi. Mwaka 1960 akachapisha makala juu ya muundo wa muziki huu, na wataalamu wa dunia nzima wakaanza kuujadili. Jina la Kubik likawa kubwa, naye hakumficha mwalimu wake. Sisi wenyewe ndio tuliomweka Muyinda kwenye tanbihi. Maelezo yale yote juu ya nani anaanza na nani anaingia katikati yalitoka kwa mpigaji aliyeweza kuichambua kazi yake hatua kwa hatua hadi mgeni akaelewa. Huo ndio usomi.

Kisha ikaja Mei 24, 1966. Jeshi la Rais Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia kasri la Mengo. Mutesa alikimbilia London, akafia huko mwaka 1969. Vyombo vingi viliteketea, wapigaji wakatawanyika, na katiba ya 1967 ikafuta falme. Kama nyimbo zile zingebaki ndani ya ua peke yake, nyingi zingeteketea humo. Lakini wakati huo tayari kulikuwa na vijana wa shule, wanamuziki wa mjini na wageni waliofundishwa na Muyinda. Mwaka aliofariki, 1993, ndio mwaka Kabaka Mutebi alipotawazwa na ufalme ukarudi.

Leo nakala za kanda za Wachsmann zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi yenye jina lake, kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza. Ni hazina, lakini kanda haimrekebishi mwanafunzi mkono. Mtoto wa Mbuya akipita Nakawa na Lugogo anafika Makumbusho ya Kira Road kwa nauli ndogo ya boda boda. Anachohitaji kukikuta pale ni mwalimu anayelipwa mshahara, aketi naye mbele ya mbao 12 na kumwambia aanze yeye.