Daftari Lipo, Habari Haipo

Asubuhi ya siku ya kwanza huwa siruhusu mtu kuwasha kompyuta. Washiriki hununa kidogo, na wana haki ya kununa: wamelipa ada, wengine wameomba ruhusa kazini, wamekuja kujifunza programu, na mashine wanaziona mbele yao zimelala. Mimi nagawa karatasi moja moja. Ni ripoti ya mauzo ya duka la jumla, ya kubuni, lakini imefanana kabisa na zile ninazoletewa kila mara. Juu kuna jina la duka kwa herufi nene. Chini yake miezi imepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, Januari hadi Juni. Pembeni zimeteremka bidhaa: mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni. Kila baada ya bidhaa nne upo mstari wa jumla, na hapa na pale namba imepakwa rangi nyekundu. Kisha nauliza: mafuta ya kupikia yaliyokopeshwa tawi la Mbagala mwezi wa nne yalikuwa ya shilingi ngapi?

Kimya. Mmoja anageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. Dada mmoja anasema nyekundu ndiyo mkopo; jirani yake anabisha, kwao ofisini nyekundu ni mali iliyoharibika. Hawatalipata jibu, kwa sababu karatasi haina. Aliyeiandaa alikuwa nalo siku ile mali inatoka dukani, akalijumlisha na mengine, likazama humo.

Mali bila daftari huisha bila habari, tumeambiwa tangu utotoni. Wafanyabiashara wengi wanaokuja darasani walishautii usia huo. Daftari wanalo, tena la kompyuta, la miaka mitano au zaidi. Wanachokosa ni habari. Ukiwauliza ni mteja gani aliyepunguza kununua tangu mwaka jana, watakujibu kwa kumbukumbu ya kichwa, kama baba zao walivyojibu.

Programu tunazofundisha zilianzia darasani, jambo ambalo mimi kama mwalimu hunifurahisha. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard, Marekani. Mwalimu wake alikuwa ameandika ubaoni jedwali la hesabu, na kila alipobadilisha namba moja ilimlazimu afute na kuandika upya zote zilizoitegemea. Bricklin akawaza ubao unaojisahihisha wenyewe. Alishirikiana na Bob Frankston, na mwaka 1979 wakatoa VisiCalc kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983, na Excel mwaka 1985, kwanza kwenye Macintosh, miaka miwili baadaye kwenye Windows.

Lahajedwali, kama programu za namna hii zinavyoitwa, lilitatua shida ya kifutio, lakini lilirithi tabia ya ubao. Ubao ni mahali pa kuandika na hapo hapo ni mahali pa kuonyesha. Mtu akifungua Excel huanza kupamba: anaweka kichwa cha habari, anaunganisha visanduku, anaacha mstari mtupu ili macho yapumzike. Anapanga kaunta kabla hajawa na stoo.

Stoo na kaunta ndilo wazo ninalolibeba siku zote nne za kozi, na mwenye duka halihitaji maelezo marefu. Kaunta hupangwa ivutie: sabuni mbele, biskuti usawa wa macho ya mtoto. Stoo hupangwa ili kitu kipatikane: magunia kwa aina, kila aina na mahali pake. Hakuna mwenye akili anayeweka gunia la mchele juu ya kaunta na kuliita stoo. Kwenye kompyuta tunafanya hivyo kila siku, halafu tunalaumu programu.

Kanuni ya stoo ni fupi: mstari mmoja, tukio moja; safu moja, aina moja ya taarifa. Mauzo ya mafuta katoni tatu tawi la Mbagala ni tukio, basi yapewe mstari wake: tarehe, tawi, bidhaa, idadi, bei, namna ya malipo. Kesho yake mteja yule yule akinunua tena, mstari mwingine. Aprili haiwi tena kichwa cha safu, inakuwa ndani ya tarehe. Mkopo hauwi tena rangi, unakuwa neno lililoandikwa katika safu ya malipo, kwa sababu fomula za kawaida za kujumlisha hazisomi rangi. Mistari ya jumla inaondolewa yote. Hapo mtu huuliza, karibu kila darasa: "Sasa mwalimu, jumla nitaiona wapi?" Kaunta. Tutaijenga kesho.

Jedwali la namna hii linachosha kulitazama. Linateremka mistari elfu kumi, elfu hamsini, halina uzuri wowote. Washiriki wa kitengo cha uhasibu hupata shida zaidi kulikubali, maana wao ndio waliozoea kurasa nadhifu.

Mchana tunafungua kompyuta na kukutana na uchafu. Sehemu hii vitabu vingi huipita haraka, nami nafikiri ndiyo inayostahili muda kuliko zote. Kwa macho yetu Dar, DSM na Dar es Salaam ni mji mmoja; kwa programu ni miji mitatu. Nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa neno inazaa mji wa nne. Namba ya simu inapoteza sifuri ya mbele, kwa kuwa programu imeidhania ni namba ya hesabu.

Tarehe ni mbaya zaidi, kwa sababu hukosea bila kelele. Ndani ya Excel ya Windows tarehe ni hesabu ya siku tu: siku ya 1 ni tarehe 1 Januari 1900, na siku ya 45,000 ikawa tarehe 15 Machi 2023. (Excel pia huamini kuwa mwaka 1900 ulikuwa na Februari 29, ambayo haikuwepo. Kosa hilo lilikuwa la Lotus 1-2-3, likaachwa makusudi ili mafaili ya zamani yaendelee kusomeka.) Sisi tunaandika siku kwanza, mwezi baadaye, Wamarekani hutanguliza mwezi. Kompyuta iliyopangwa kimarekani ukiiandikia 03/04/2024 itaisoma Machi 4 bila kukuuliza. Ukiiandikia 25/04/2024 itashindwa, maana hakuna mwezi wa 25, basi itaiacha kama maneno matupu na kuisogeza kushoto mwa kisanduku. Matokeo yake ni kwamba siku 12 za mwanzo wa kila mwezi hutawanyika mwaka mzima, isipokuwa zile ambazo siku na mwezi vina namba moja, na zilizobaki hazihesabiki kabisa. Ukiona tarehe zako nusu zimeegemea kulia na nusu kushoto, umeshajua ugonjwa.

Na sisi tuna ugonjwa wetu wenyewe. Mshiriki mmoja alikuja na mauzo ya duka lake, yana safu ya saa. Tulipoyapanga, duka lilionekana kuuza sana saa kumi alfajiri. Darasa likacheka, yeye akaapa kuwa muda huo amelala. Kijana wake wa kaunta alikuwa akiandika saa anavyozisema: saa nne asubuhi aliandika 4:00, ambayo kwa kompyuta ni saa kumi alfajiri. Saa kumi jioni aliandika 10:00, na kompyuta ikaielewa saa nne asubuhi. Hatukuweza kuongeza saa sita kwenye mistari yote na kumaliza, kwa sababu risiti za mashine, zilizochanganywa humo humo, zilikuwa sahihi.

Siku ya pili ni ya pivoti, na hapo watu husamehe yote ya jana. Pivoti ni kijana wa stoo. Unamwambia niletee bidhaa ziteremke pembeni, matawi yakae juu, katikati jumlisha shilingi, analeta. Unabadili mawazo, unataka miezi badala ya matawi. Anarudi stoo na kuleta tena, na stoo yenyewe haijaguswa. Wazo hili lilikuzwa na Pito Salas na wenzake katika kampuni ya Lotus, wakalitoa mwaka 1991 kupitia programu ya Improv kwenye kompyuta za NeXT. Wateja walikuwa wachache. Microsoft ikaliweka kwenye toleo la 5 la Excel, na huko ndiko lilikoenea. Lile swali la mafuta ya Mbagala sasa linajibiwa kwa kuburuta vitu vichache kwa kipanya.

Ila kijana wa stoo hufanya unachomwambia, si ulichokusudia. Tuseme tawi moja lina wateja 10, kila mmoja kwa wastani ananunua bidhaa za shilingi 90,000. Tawi la pili lina wateja 90, wastani 10,000. Mteja wa biashara hii ananunua kiasi gani kwa wastani? Wengi hujumlisha wastani mbili na kugawa kwa mbili: 50,000. Kila tawi limeuza 900,000, jumla ni 1,800,000 kwa wateja 100, basi jibu ni 18,000. Mtu anayepanga mzigo wa mwezi ujao akidhani mteja wake ana elfu hamsini mfukoni ataujua ukweli mzigo ukishafika.

Siku ya tatu tunaingia Power BI, ambayo Microsoft iliitoa rasmi mwaka 2015. Tableau ingefaa pia. Iliasisiwa mwaka 2003 na watu waliotoka Chuo Kikuu cha Stanford, na kwa michoro wengine huipendelea. Nimechagua ya kwanza kwa sababu ya kawaida tu: ofisi nyingi tunazozihudumia zina Excel tayari, na toleo la Power BI la kompyuta binafsi halilipiwi. Jambo jipya hapa ni majedwali kuunganishwa. Jedwali la mauzo hubeba namba ya bidhaa tu. Jina, aina na msambazaji wake hukaa katika jedwali lao la bidhaa, yameandikwa mara moja. Jina likibadilika, unasahihisha mstari mmoja badala ya elfu nne.

Na vipimo, kama faida, navyo vinaandikwa mara moja. Hapo huzuka ugomvi ninaoupenda. Naandika ubaoni: umenunua kwa 8,000, umeuza kwa 10,000, faida ni asilimia ngapi? Wa dukani husema 25, kwa kuwa anagawa 2,000 kwa alichonunulia. Wa uhasibu husema 20, kwa kuwa anagawa kwa alichouzia. Wote wamehesabu vizuri. Katika ofisi nyingi watu hawa wawili hukaa kikao kimoja kila mwezi, kila mmoja na faili lake, wakidhani wanazungumzia neno moja.

Jioni ya siku hiyo nawasimulia makosa ya wakubwa, ili wasidhani uzembe ni wa maduka madogo. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha kazi kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, nayo ikanukuliwa sana na wanasiasa waliotaka kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, alilipitia faili lao la Excel na kuona fomula ya wastani imeishia njiani, nchi 5 kati ya 20 zimebaki nje. Wenyewe walikiri kosa hilo, ingawa walishikilia hoja yao kuu. Kisha Oktoba 2020, wakati wa korona, Uingereza iligundua kuwa watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na ugonjwa hawakuingia katika hesabu za kila siku. Taarifa zao zilipitishwa kwenye muundo wa zamani wa faili la Excel, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Muundo mpya, uliokuja na toleo la 2007, unafika 1,048,576. Mistari iliyozidi ilidondoka, na mfumo haukumwonya mtu.

Siku ya nne kila mtu anafanyia kazi mafaili yake. Tunawaomba waondoe kwanza majina na namba za simu za wateja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na hata bila sheria, deni la mtu si la kutupwa kwenye projekta. Siku hii ndiyo sababu naona darasa lina faida ambayo video haina. Video hufundisha kwa data safi za mwalimu. Hapa anayekwama kwenye uchafu wake anageukia jirani, na mara nyingi jirani alishautoa uchafu kama huo asubuhi.

Katika darasa moja alikuwemo mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja bila kompyuta, na siku zote tatu alikaa pembeni ya binti mmoja wa duka la dawa akitazama skrini yake. Siku ya nne alitoa kaunta-buku mpya mkobani. Alikuwa ameichora kwa rula: tarehe, bidhaa, idadi, bei, malipo, saa. Mstari mmoja, tukio moja, ameshajaza kurasa mbili kwa mauzo aliyosimuliwa kwa simu na kijana wake. Alitaka kujua ni wakati gani wa siku anahitaji mtu wa pili kaunta.

Nilichungulia safu ya saa. Hakuandika saa hata moja. Aliandika asubuhi, mchana, jioni, kwa tahajia ile ile ukurasa mzima. Nikafungua mdomo nimsahihishe, "Mzee, hapa ungeweka...", halafu nikaacha. Kwa alichokuwa anauliza, ilitosha.