Mtoto yuko Kitui, cheti kimebaki Makueni

Simu za Susu huwa hazina salamu ndefu. Jumatatu moja ya Januari, nikiwa kwenye foleni ya matatu pale Pipeline, aliniambia kitu kimoja tu: mtoto amerudishwa nyumbani.

Susu ni mama yangu, ila tangu wajukuu waanze kuja hakuna anayemwita jina lingine. Mtoto ni mpwa wangu wa miaka sita. Mamake, dada yangu mdogo, yuko Saudia akifanya kazi ya nyumba, na kijana analelewa huko kwetu kusini mwa Kitui, upande wa Ikutha. Asubuhi hiyo alikuwa amevalishwa sare mpya na kupakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa, wakatembea na nyanya yake hadi shule ya umma iliyo karibu ili aandikishwe Gredi ya 1.

Mwalimu mkuu alifungua kitabu cha kliniki, akamtazama mtoto, akauliza, "Cheti cha kuzaliwa kiko wapi, mwaitu?" Susu akamwambia kijana alizaliwa Makueni. "Basi kitafuteni huko Makueni, halafu mrudi."

Nilikasirika, bwana. Mimi niliingia darasa la kwanza Januari 2003, mwezi ule serikali ya Kibaki ilipofuta karo za shule za msingi. Hakuna aliyeniuliza karatasi. Kipimo kilikuwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukishika sikio la upande wa pili umekubaliwa. Tulijaa mpaka wengine tukasomea chini ya mwembe. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka 84, akaenda kuketi darasa la kwanza kule Eldoret, katika shule ya Kapkenduiyo, na akapokelewa. Sasa mtoto wa miaka sita, mwenye mikono inayofika masikioni vizuri kabisa, anaambiwa arudi nyumbani?

Nikaomba ruhusa kazini siku nne. Usiku huo, nikiwa bado Nairobi, nilifanya kile ambacho ningepaswa kufanya Novemba, yaani kuuliza kwanza mambo haya yanaendaje. Rafiki yangu anayefundisha shule ya msingi ndiye aliyenifungua macho, na hasira yangu ikapungua kidogo.

Aliniambia mwalimu mkuu si adui. Serikali hutuma shuleni shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Hizo ndizo za chaki, vitabu, ukarabati, stima na kadhalika. Lakini serikali haihesabu watoto walio darasani. Inahesabu walio kwenye mfumo wa kompyuta, ule uliokuja 2017 kwa jina la Nemis na ambao sasa unapisha mwingine unaoitwa Kemis. Ili mtoto aingizwe, mfumo unataka namba ya cheti cha kuzaliwa. Akishaingia anapewa namba yake mwenyewe, UPI, ambayo atatembea nayo mpaka amalize sekondari. Asipoingia, yuko darasani kwa macho ya mwalimu pekee. Chukua shule ndogo ya kijijini yenye watoto ishirini wa namna hiyo: hizo ni shilingi 28,400 ambazo hazitakuja, na watoto wote watatumia chaki ileile. Ndiyo maana wimbo wa kila Januari ni cheti, cheti, cheti.

Sawa. Lakini hiyo ni shida ya shule na wizara, si ya mtoto. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu hichohicho kinampa jina na uraia tangu anapozaliwa. Halafu kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo nawashauri muisome hata kama huwa mnasoma matokeo ya mpira tu. Shule ya umma haitozi ada ya kumpokea mtoto. Haimpi mtihani wa kumchuja; ikimpima, iwe ni kwa kujua tu atakaa darasa gani. Michango mingine ikiwepo, mtoto hafukuzwi kwa kukosa kuilipa, na anayepokea pesa lazima atoe risiti rasmi. Mzazi ambaye hajaridhika na sababu za kukataliwa ana haki ya kupeleka neno kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti.

Sheria hiyo pia ina meno upande wa pili. Mzazi anayemkalisha mtoto nyumbani bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na neno mzazi humo linabeba pia mlezi. Kwa hivyo Susu, aliyepiga mguu na mtoto mpaka shuleni, angeweza kushtakiwa kwa mtoto kukaa nyumbani, na waliomrudisha nyumbani ni shule. Nilicheka peke yangu usiku huo, na si kwa furaha.

Jumatano nikawa shuleni mapema. Sikuenda kupigana. Nilisalimia, nikakaa pale kwenye benchi hadi nikaitwa, nikamweleza mwalimu mkuu kwamba mamake mtoto yuko nje ya nchi, kwamba mimi ni mjomba wake na nitafuata cheti mwenyewe, na kwamba ninachoomba ni mtoto aingie darasani wakati mimi niko njiani. Nikagusia sheria, lakini kwa upole, kama mtu anayeuliza. Alinitazama kwa muda. Kisha akafungua rejista, akachukua penseli, akaandika jina la kijana. "Penseli inafutika," akaniambia. "Leta namba kabla muhula haujaisha." Saa tatu kijana alikuwa ameketi dawati la pili, kati ya wasichana wawili waliokataa kumpa nafasi ya mkono.

Huenda mtu akauliza: alisomaje chekechea miaka miwili bila cheti? Ni kwamba PP1 na PP2 ziko chini ya serikali ya kaunti. Kaunti ndiyo inayoajiri walimu wale, na mwalimu wetu aliliandika jina kwenye kitabu chake, mambo yakaisha. Gredi ya 1 ni ya serikali ya kitaifa, na hapo ndipo wengi wetu tunagongana na ukuta, ingawa uwanja ni mmoja na darasa la PP2 linatazamana na la Gredi ya 1.

Haya, Makueni. Dada yangu alijifungua akiwa na miaka 20, wakati huo akihudumu katika mkahawa mmoja Emali. Alizalia hospitali ya serikali kando ya barabara ya Mombasa, akapewa kile kijikaratasi cha arifa ya kuzaliwa, akamletea Susu pamoja na mtoto. Susu akakihifadhi ndani ya boksi chini ya kitanda. Wakambaa wenzangu mnajua kilichofuata: mchwa. Kitabu cha kliniki kilipona kwa sababu kilikuwa kwenye karatasi ya nailoni.

Cheti hufuatwa upande mtoto alikozaliwa, si anakoishi. Kwa bahati siku hizi kuna lami kutoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi. Barabara ile ilikuwa ya vumbi ambalo unalikohoa siku mbili. Sasa unavuka mto Athi umesinzia, ukifumbua macho unaona mibuyu na mashamba ya katani ya Kibwezi. Nikashika gari lingine kwenye barabara ya Mombasa.

Hospitalini nilidhani nitaambiwa hakuna kitu. Mama mmoja wa rekodi alichukua kitabu cha kliniki, akasoma tarehe, akaingia ndani, akarudi na rejista kubwa iliyochanika mgongo. Kijana alikuwemo! Tarehe, uzito, jina la mama. Hospitali huwa inapeleka taarifa za waliozaliwa kwa msajili, kwa hivyo kuzaliwa kwake kulikuwa kumeandikwa kwa wakati. Sisi ndio hatukwenda kuomba cheti. Hilo liliniokoa kitu kikubwa. Kuzaliwa kukikaa miezi sita bila kuandikishwa, unahamia kwenye usajili wa kuchelewa, na huo una fomu zake, ushahidi wake na safari zake. Aliyezaliwa nyumbani, kwa mfano, anaanzia kwa naibu chifu. Kama una mtoto wa miezi mitatu na unasoma hapa, bado una muda. Nenda.

Kulikuwa na jambo moja lililonisimamisha. Kwenye rejista, mahali pa jina la baba palikuwa patupu, na jina la ukoo la mtoto lilikuwa limeandikwa kwa 'i' pale tunapotumia 'y'. Mtu wa nje ataona ni herufi tu. Kwetu Ukambani majina yamejaa hizo 'sy' na 'ky', na karani akiandika anavyosikia, kijana atakuja kuhangaika siku ya kusajiliwa mtihani na tena siku ya kitambulisho. Nikamwomba yule mama arekebishe kwa utaratibu wao, kulingana na kitambulisho cha dada.

Kitambulisho chenyewe kilikuwa Riyadh. Dada alinitumia picha kwa WhatsApp saa tano usiku, baada ya matajiri wake kulala. Pande zote mbili. Kisha akapiga.

"Wameuliza baba ni nani?"

"Hawajauliza. Wameacha wazi."

Akanyamaza. Nikamweleza nilichojua: zamani mama ambaye hajaolewa hakuweza kuandikisha jina la baba wa mtoto bila baba mwenyewe kukubali, lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa sababu mtoto ana haki ya wazazi wake wote wawili kumtambua, wa kike na wa kiume. Akitaka, anaweza kulifuatilia.

"Huyo mtu hajawahi kununua hata kalamu," akasema. "Weka jina la babu yake. Hayo mengine nitafanya nikirudi."

Sikubishana naye. Ni uamuzi wake, ingawa mpaka leo sina uhakika kwamba mtoto hatauliza.

Ofisi ya usajili ilikuwa na foleni ya kina mama wenye watoto mgongoni na vijana wawili watatu kama mimi, wote Januari, wote na haraka. Ada ya cheti ilipandishwa 2024 kutoka shilingi 50 hadi 200, na inalipwa kwa eCitizen kupitia ile paybill ya 222222. Nje ya lango kulikuwa na jamaa mwenye bahasha aliyenitaka elfu moja na mia tano ili "asukume". Nilimshukuru nikaenda saiba ya jirani. Cheti hakikutoka siku hiyo. Nilirudi Nairobi, na wiki zilizofuata binamu yangu wa Kibwezi ndiye aliyekifuata, akakitia ndani ya bahasha na kumpa dereva wa matatu ya Mutomo.

Nikiwa nangoja nilisimulia haya ofisini, na kila mtu akawa na yake. Mmoja alimtoa mwanawe katika shule ya binafsi hapa Nairobi akampeleka Mwingi. Namba ya UPI haibadiliki, ila shule ya zamani lazima imwachilie mtoto kwenye mfumo ndipo mpya imchukue, na ile ya zamani ilikuwa inadai karo. Walivutana karibu muhula mzima. Mwingine, wa Mbooni, alisema kitu ambacho sisi wa mjini hatukifikirii tunapochagua shule ya mashambani kwa simu: uliza iko ng'ambo gani ya mto. Mito yetu inalala mikavu, halafu mvua za Novemba zikija inaamka mara moja. Desemba 2021 mto Enziu, kule Mwingi, ulizamisha basi zima na kuua watu zaidi ya thelathini. Mtoto wa miaka sita havuki mto kama huo kwa sababu shule ya ng'ambo ina alama nzuri.

Cheti kilifika katikati ya Februari. Susu alikipeleka shuleni mwenyewe. Hakutaka nimtume mtu. Alirudi na orodha ya vitu: ufagio, karatasi za fotokopi, pesa za kupikia chakula, na debe la maji kila Ijumaa. Nikamwambia pesa yoyote adai risiti. Akaniambia nisimfundishe, risiti anazo tangu enzi za karo, ziko kwenye boksi.

"Boksi lile la mchwa?"

"Nimenunua la bati."

Jioni dada alipiga kutoka Saudia, akataka kumwona mtoto kwenye video. Kijana alikuwa amevaa sweta ambalo mikono yake inafunika vidole, atakua nalo hadi Gredi ya 3. Mamake akamuuliza mwalimu amesema nini. Akajibu kwamba mwalimu ameandika jina lake tena juu ya lile la kwanza, kwa biro nyeusi, na kwamba wale wasichana bado hawampi nafasi.