Cheti cha jina na haki ya alama

Katika maduka na viwanda vidogo vingi vya Tanzania Bara, ukutani hutundikwa cheti cha jina la biashara kilichotolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Mwenye biashara hukitazama kwa fahari, akiamini kwamba jina lile sasa ni mali yake na hakuna mwingine awezaye kulibandika kwenye bidhaa. Imani hiyo ina kasoro, na huwaumiza zaidi wale ambao mambo yao yanakwenda vizuri. Cheti kile kinaujulisha umma ni nani anayefanya biashara kwa jina fulani. Haki ya kumzuia mshindani asiuze sabuni, unga au nguo kwa jina hilohilo hutoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, nayo huombwa peke yake, kwa ada yake na cheti chake, ingawa mlango wa ofisi ni uleule. Ninachoshikilia hapa ni kwamba ombi hili la pili linapaswa kutangulia ukuaji wa biashara.

Ukuaji wenyewe ndio unaoleta hatari. Jina lisilojulikana halimvutii mwigaji, bali lile ambalo wateja wameanza kuliulizia dukani. Na sheria haikusubiri ujulikane: ulinzi wa alama iliyosajiliwa Tanzania Bara huhesabiwa kuanzia siku ombi lilipowasilishwa, ukadumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Kati ya ombi na cheti, Msajili hulikagua ombi, hulinganisha alama na zilizotangulia, kisha huitangaza kwenye jarida rasmi ili mwenye pingamizi alilete ndani ya siku 60. Anayekwenda kusajili baada ya kuona bidhaa bandia sokoni anaingia katika mlolongo huo huku mwigaji akiendelea kuuza, na pengine mwigaji huyo ameshatangulia kuwasilisha ombi lake.

Hata hivyo, si kila jina linasajilika, na hapa ndipo wengi hujifunga wenyewe tangu siku ya kwanza. Wafanyabiashara hupenda jina linaloeleza bidhaa, kama vile Unga Safi au Asali Tamu, kwa sababu mteja huelewa papo hapo. Lakini kila msagishaji anahitaji kuuita unga wake safi, na sheria haiwezi kumpa mmoja maneno ambayo wote wanayahitaji. Majina ya mahali nayo ni dhaifu kwa sababu hiyohiyo. Kuna bia ya Kilimanjaro na kuna maji ya kunywa ya Kilimanjaro, za kampuni mbili tofauti, na hakuna inayoweza kudai mlima. Neno la kubuni, au neno la kawaida lisilohusiana na bidhaa, hudai kazi zaidi ya matangazo mwanzoni, lakini ndilo linalolindika kwa nguvu. Ningemshauri mjasiriamali akubali taabu hiyo.

Kisha kuna mipaka. Alama huishi ndani ya nchi ilikosajiliwa, na kwetu mpaka huo uko karibu kuliko wengi wanavyodhani: usajili wa BRELA hauvuki bahari kwenda Unguja na Pemba, kwani Zanzibar ina sheria yake na wakala wake wa usajili, BPRA. Nairobi ni ofisi nyingine, na Kampala nyingine. Mkataba wa Paris humpa mwombaji miezi 6 tangu ombi lake la kwanza ili apeleke maombi nchi nyingine wanachama huku akihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo. Kampuni za Kenya na Rwanda zinaweza pia kutumia mfumo wa Madrid, ambapo ombi moja hutaja nchi nyingi. Yanayoweza kutokea ng'ambo yalionekana mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno Kikoy nchini humo. Wazalishaji wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, walilipinga ombi hilo, na mwaka 2008 kampuni ikaachana nalo. Vazi la pwani nzima lilinusurika kwa sababu kulikuwa na watu waliofuatilia matangazo na kupinga kwa wakati. Pasipo pingamizi, wafumaji wangeweza kukuta soko la Uingereza limefungwa kwa jina la bidhaa yao wenyewe.

Wapo wanaojibu kwamba mahakama humlinda hata asiyesajili, kwa shauri dhidi ya anayepitisha bidhaa zake kana kwamba ni za mwenzake. Ni kweli, lakini mlalamikaji hapo anabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba jina lake lina sifa sokoni, kwamba wateja wamepotoshwa na kwamba amepata hasara. Mwenye cheti huanza na haki iliyokwisha kuthibitishwa. Pingamizi la gharama nalo lina uzito, maana ada hulipwa kwa kila daraja la bidhaa au huduma, na madaraja ni 45: kahawa ya pakiti ni daraja la 30, mgahawa wa kahawa ni la 43. Jibu langu ni kusajili unachouza sasa na kule unakokwenda kwa hakika. Kurundika madaraja hakusaidii, kwani alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo Tanzania Bara, au 5 Kenya, inaweza kufutwa mtu akiomba.

La mwisho, ambalo husahaulika mara nyingi, ni jina la mmiliki kwenye fomu. Alama iliyosajiliwa kwa jina la mbia mmoja hubaki kuwa yake siku ubia ukivunjika. Mchoraji wa nembo naye hushika hakimiliki ya mchoro mpaka aihamishe kwa maandishi. Na msambazaji wa nje, anayeijua bidhaa na soko lake, ndiye aliye karibu zaidi kuisajili nchini kwake kwa jina lake mwenyewe. Mkataba umkataze waziwazi, na ombi la nchi hiyo liwasilishwe kabla ya shehena ya kwanza kuondoka.