Magitaa yanapogombana, dawa si kuongeza sauti

Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni

 

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Leo nataka kuzungumzia fahali watatu niliowakuta katika zizi moja, nao ni magitaa matatu ya umeme yaliyokuwa yakipigwa katika arusi moja huko Kasansa.

Kwa wale ambao hawajafika, Kasansa ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unatokea Kibaoni, kisha unaendelea ndani ya Bonde la Ziwa Rukwa. Ni nchi ya mpunga. Fedha ya kule hupatikana baada ya mavuno, na ikishatumika, mtu husubiri mavuno mengine.

Vijana wa bendi walikuwa na solo, ridhimu na besi, amplifaya mbili na jenereta. Walianza vizuri. Wimbo wa pili, mpiga solo akaona hasikiki, akaongeza sauti. Mwenzake wa ridhimu naye akaongeza. Besi hakukubali kuachwa nyuma. Ilipofika chemko, spika zilikuwa zinapiga yowe, mwimbaji amefumba macho anajikamua, na sisi wageni hatukusikia hata neno moja la wimbo. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akasema, "Hawa hawapigi muziki, wanagombana."

Baada ya shughuli, mpiga solo alinifuata.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mnajitahidi."

"Mjomba, wewe uko redioni, sauti unazijua. Mpunga ukivunwa nataka niuze magunia mawili ninunue ikwalaiza ya mguuni. Nimeiona kwenye simu ya rafiki yangu, ina vitelezi kumi. Ni nzuri?"

Nilimwomba anipe muda, maana magunia mawili ya mpunga si jambo la kujibiwa mtu akiwa amesimama. Jibu langu ndilo mazungumzo ya leo. Naamini litawafaa pia wapiga magitaa wa mijini, wa bendi na wa kwaya, ambao hununua kifaa kwa kuvutiwa na rangi yake.

Kwanza tujue ikwalaiza ni kitu gani. Jina hilo lina maana ya kisawazisha, na halikuanzia kwenye muziki bali kwenye simu. Sauti ya mtu iliposafirishwa katika waya mrefu ilifika imefifia upande wa milio ya juu, ikasikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mafundi wakatengeneza kifaa cha kurudisha kile kilichopotea njiani, ili sauti inayotoka ilingane na ile iliyoingia. Baadaye redio na sinema zikakichukua, kisha studio za muziki, na hatimaye kikafungwa katika kisanduku kidogo cha kukanyagwa kwa mguu.

Sauti yoyote ni mtetemo. Mafundi huhesabu mitetemo ya sekunde moja na kuiita hezi. Waya mnene wa gitaa, ule wa juu kabisa unapolishika, ukipigwa wazi hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Waya mwembamba wa mwisho hutetema kama mara 330. Ukienda hadi mwisho wa shingo ya gitaa unafika hezi 1,200 hivi. Lakini kila noti hufuatana na watoto wake, yaani milio midogo ya juu zaidi, na hao ndio wanaotufanya tutofautishe gitaa na kinanda hata vikipiga noti ileile.

Ikwalaiza huigawa sauti hiyo katika mafungu, na kila fungu hupewa kitelezi chake cha kupandisha na kushusha. Ile ya Boss iitwayo GE-7, iliyoingia sokoni mwaka 1981, ina vitelezi 7 vya hezi 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200 na 6,400. Kila kimoja hupanda au kushuka desibeli 15. Kando yake kuna kitelezi cha nane cha ukubwa wa sauti yote. Mpangilio huo umeigwa sana, kwa hiyo ukiujua mmoja umeijua mingi.

Sasa nasema neno ambalo wapigaji wengi hawapendi kulisikia: kazi kubwa ya kifaa hiki katika bendi ni kupunguza, wala si kuongeza.

Chukua hesabu hii. Kila unapopandisha fungu la sauti kwa desibeli 3, katika fungu hilo unaidai amplifaya nguvu mara mbili. Ukisukuma kitelezi hadi juu kabisa, desibeli 15, umeidai zaidi ya mara 30. Amplifaya ndogo inayotegemea jenereta itazitoa wapi? Itakoroma, spika itaumia, na fundi atapata kazi. Kupunguza hakudai nguvu yoyote. Kama mwimbaji anafunikwa, huenda ni kwa sababu magitaa yote yamejaa pale pale palipo na sauti ya binadamu. Mmoja akiondoka kidogo mahali hapo, mwimbaji anasikika bila mtu yeyote kuongeza sauti.

Nampa kijana wangu mfano wa kuanzia, halafu masikio yake yaamue. Hezi 100 ni uwanja wa besi. Solo na ridhimu washushe hapo, kwani gitaa lao likivuma chini linaitia besi matope. Kwenye 200 na 400 ndiko kunakokaa uzito na ule mlio wa boksi. Ridhimu akipunguza kidogo kwenye 400 utasikia bendi nzima imepata hewa. Solo apandishe kidogo tu 800 au 1,600, ndipo noti zake zitakapotoka mbele. Kwenye 3,200 kuna makali ya kucha juu ya uzi, yakizidi yanachoma. Na kwenye 6,400 kuna mchakacho.

Spika ikipiga yowe, tafuta kitelezi ambacho kikishushwa yowe linakoma, kisha kiache hapo. Mvumo wa umeme ni jambo jingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake huja na mwenzake wa hezi 100. Kushusha kitelezi cha 100 kutaupunguza kidogo, lakini hiyo ni kutuliza homa bila kutibu malaria. Tafuta waya mbovu au nyaya za ardhini zisizofungwa vizuri.

Tuje kwenye ununuzi. Je, vitelezi kumi ni bora kuliko saba? MXR hutengeneza yenye kumi, inaanzia hezi 31 na kuishia hezi 16,000. Ni kifaa kizuri, lakini tazama: uzi wa chini kabisa wa gitaa ni hezi 82, na spika za kawaida za gitaa hazitoi kitu cha maana zaidi ya hezi 5,000 hivi. Basi mpiga solo anayetumia amplifaya ya gitaa analipia vitelezi ambavyo havina la kufanya. Vitamfaa zaidi yule anayechomeka gitaa moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, kama zinavyofanya kwaya nyingi, kwa kuwa spika za waimbaji hutoa milio ya juu ambayo hulifanya gitaa likwaruze. Hata huyo, akishusha 6,400 kwenye ile ya vitelezi saba, atapata nafuu kubwa.

Mpiga besi, wewe una njia yako. Uzi wako wa chini ni hezi 41, kwa hiyo usinunue ikwalaiza ya solo. Zipo za besi, mathalani Boss GEB-7 inayoanzia hezi 50.

Kwa mwenye fedha kidogo, Behringer EQ700 ina vitelezi saba vilevile na desibeli 15 zilezile. Ile ya Boss huuzwa mara tatu ya bei yake au zaidi. Tofauti iko wapi? Boss ni ya chuma, Behringer ni ya plastiki. Ukiiweka kwenye mbao na kuikanyaga kistaarabu itakutumikia. Ukiirusha nyuma ya lori la mpunga, usinilaumu. Pia, kwa kuwa ikwalaiza yoyote inaweza kupandisha mchuzo pamoja na noti, zile za bei rahisi zinahitaji usikivu zaidi dukani. Njia ya tatu ni mashine ndogo ya milio mingi, kama Zoom G1 Four, ambayo ndani yake mna ikwalaiza pamoja na mwangwi na mengine, nayo hutumia betri nne ndogo za kawaida. Mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, hilo si jambo dogo.

Ukienda dukani, iwe Mpanda, Mbeya au Kariakoo, chukua gitaa lako na waya wako mwenyewe. Weka vitelezi vyote katikati, kisha kanyaga uwashe na uzime. Sauti ibaki karibu ileile. Ikibadilika sana, kuna kasoro. Acha kupiga, sikiliza mchuzo. Sogeza kitelezi kimoja kimoja. Kikikwaruza, kimechoka au kimeingia vumbi. Muulize muuzaji kama atakubali uirudishe. Kama imekwishatumika na mtu mwingine, fungua mlango wa betri uangalie kama kuna kutu.

Jambo la adapta limewaponza wengi. Pedali nyingi za aina hii hutaka volti 9 za moja kwa moja, na ncha ya katikati iwe hasi. Adapta nyingine za redio ndogo zina ncha ya katikati chanya, na hizo zinaweza kukiua kifaa siku ya kwanza. Soma mchoro mdogo ulioandikwa kwenye adapta, usitegemee kwamba tundu limeingia. Ukitumia betri, chomoa waya wa gitaa kwenye pedali kila unapomaliza, maana waya huo ndio unaowasha betri. Ukiuacha usiku kucha, asubuhi betri imekwisha.

Lakini kabla ya yote hayo, mjomba wangu, nakuomba ufanye mambo matatu yasiyohitaji gunia hata moja, au yanayohitaji debe tu. Badili nyuzi, kwa sababu nyuzi zilizoshika kutu hazina milio ya juu, na ikwalaiza haiwezi kupandisha kisichokuwapo. Badili waya, kwa sababu waya mrefu uliochoka hula milio hiyo hiyo. Tatu, kumbuka kwamba kirungu cha toni kilichoko kwenye gitaa lako ni ikwalaiza ndogo uliyokwisha kuilipia. Nilikitazama siku ile ya arusi. Kilikuwa kimefunguliwa hadi mwisho, nawe hukukigusa usiku mzima.

Na liko la nne, ambalo haliuzwi dukani. Sikilizeni nyimbo za zamani za bendi zetu, kama Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 hapo Dar es Salaam. Nyimbo nyingi za enzi ile zilirekodiwa katika studio za iliyokuwa Radio Tanzania. Solo, solo la pili, ridhimu na besi vyote vinasikika, na mwimbaji unamsikia kila neno. Ridhimu anakaa mahali pake, solo anapanda juu ya shingo, na mmoja anapozungumza mwingine anajibu baada yake. Walikuwa wamesawazishana kwa vidole kabla fundi hajagusa mtambo.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa Kasansa ni hili. Usiuze magunia mawili kwa ajili ya vitelezi kumi. Nunua nyuzi na waya, kisha kaeni watatu na mwimbaji wenu, mkubaliane nani anakaa wapi, na besi awe wa kwanza kupunguza. Mkishafanya hivyo, kama bado solo halitoki mbele wakati wa chemko, hapo ikwalaiza ya vitelezi saba itakufaa kwa kazi mbili: vitelezi vyake vitachonga sauti, na kile cha nane kitakupandisha kidogo wakati wa solo, kisha unakanyaga tena unarudi kwa wenzako. Gunia moja, kwa ile ya bei nafuu, huenda likatosha au likakaribia kutosha, kutegemea soko la mwaka huo.

Gunia la pili liache nyumbani. Bwana arusi wa siku ile alikuwa amelipia bendi ili wageni wasikie jina la mkewe likiimbwa. Aliimbiwa, lakini hakuna aliyelisikia. Hilo ndilo deni mlilonalo, vijana wangu, na halilipwi kwa kuongeza sauti.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwa heri.