Nusu Shari kwa Hesabu: Uamuzi wa Kafara katika Mchezo wa Briji

Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Katika mchezo wa karata uitwao briji, msemo huo hugeuka kuwa hesabu. Mchezaji huweza kuahidi jambo ambalo anajua fika kwamba hatalitimiza, akakubali kutozwa faini, kwa sababu faini hiyo ni ndogo kuliko hasara ambayo ingempata kama angenyamaza. Ahadi ya namna hiyo huitwa kafara. Swali ni hili: ni wakati gani kafara huokoa, na ni wakati gani huwa upotevu mtupu?

Mnada na mkataba

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mtu huketi akimkabili mwenzi wake. Kila mmoja hupewa karata 13. Aina za karata ni zile zile zijulikanazo katika pwani ya Afrika Mashariki kwa majina yenye asili ya Kireno: pau, uru, kopa na shupaza. Kila mchezaji hutoa karata moja kwa zamu. Karata nne hizo ni mzunguko mmoja, na mizunguko yote ni 13.

Kabla ya kucheza hufanywa mnada. Kila dau hutaja aina itakayokuwa turufu, au kwamba hakutakuwa na turufu, pamoja na idadi ya mizunguko inayoahidiwa juu ya sita. Kwa hiyo "shupaza nne" ni ahadi ya kushinda mizunguko 10, na "kopa tano" ni ahadi ya mizunguko 11. Dau la mwisho huwa mkataba. Wapinzani wakiamini kwamba mkataba utavunjika, hutangaza "maradufu", na faini hupanda.

Utaratibu wa pointi uliotungwa na Harold Vanderbilt wa Marekani mwaka 1925 ulileta pia hali ya kuwa "hatarini". Upande ulio hatarini hupata tuzo kubwa zaidi ukifaulu, na hutozwa faini kubwa zaidi ukishindwa. Upande ambao hauko hatarini, mkataba wake ukiwa umetangaziwa maradufu, hutozwa pointi 100 kwa upungufu wa mzunguko mmoja, 300 kwa miwili, na 500 kwa mitatu.

Bei ya kafara

Tuchukue mfano. Mashariki na Magharibi wako hatarini, nao wameahidi shupaza nne. Wakifaulu watapata pointi 620. Kaskazini na Kusini hawako hatarini, na wana kopa nyingi. Je, watangaze kopa tano?

Wakipungukiwa na mizunguko miwili, watatozwa 300 badala ya kupoteza 620, na hivyo wataokoa 320. Wakipungukiwa na mitatu, watatozwa 500 na kuokoa 120. Wakipungukiwa na minne, faini ni 800, na kafara imekuwa hasara.

Lakini hesabu hiyo ni nusu tu ya jambo lenyewe. Huenda shupaza nne zisingetimizwa kamwe. Mkataba huo ukipungukiwa na mzunguko mmoja, Kaskazini na Kusini wangepata pointi 100 bila kufanya lolote. Anayetoa kafara mahali ambapo hapakuwa na hatari huacha faida mkononi na kununua hasara. Kwa sababu hiyo, haitoshi kuuliza kafara itagharimu kiasi gani. Ni lazima pia kuuliza uwezekano wa wapinzani kufaulu ni upi.

Kanuni ya Vernes

Mfaransa Jean-René Vernes alieleza njia ya kukadiria mambo hayo mawili kwa pamoja, kwanza katika kitabu cha mwaka 1966, kisha katika makala iliyochapishwa na jarida la Kimarekani The Bridge World mwaka 1969. Kanuni yake ni hii: jumla ya mizunguko ambayo pande mbili zingeshinda, kila upande ukicheza kwa turufu iliyo bora kwake, hukaribia kuwa sawa na jumla ya turufu za pande hizo mbili.

Sababu yake yaeleweka. Tuseme Kaskazini ana ree na malkia wa uru. Mfalme wa uru akiwa kwa Magharibi, anayecheza kabla ya Kaskazini, mfalme huyo hunaswa. Akiwa kwa Mashariki, anayecheza baada ya Kaskazini, huponyoka. Mzunguko mmoja huhama kutoka upande huu kwenda upande ule, lakini jumla haibadiliki. Mchezaji asiyejua mfalme yuko wapi aweza hata hivyo kuikadiria jumla, kwa kuwa madau yaliyotolewa mnadani hudokeza urefu wa turufu za kila upande.

Karata moja inapobadilisha uamuzi

Tuseme Mashariki na Magharibi wana shupaza 9, na Kaskazini na Kusini wana kopa 10. Jumla ni 19. Wapinzani wakiweza kushinda mizunguko 10, upande wa kopa utashinda 9, yaani upungufu wa miwili: kafara imeokoa 320. Wapinzani wakiweza kushinda 9 tu, upande wa kopa utashinda 10, yaani upungufu wa mmoja: faini ya 100 badala ya faida ya 100, hasara ya 200. Faida na hasara hulingana pale uwezekano wa shupaza nne kutimizwa unapokuwa 200 kwa 520, yaani 5/13, au kiasi cha asilimia 38.

Sasa tuondoe kopa moja tu, jumla iwe 18. Wapinzani wakifaulu, upungufu ni mitatu, na kinachookolewa ni 120. Wakishindwa, upungufu ni miwili: faini ya 300 badala ya faida ya 100, hasara ya 400. Uwezekano unaohitajika sasa ni 400 kwa 520, yaani 10/13, au kiasi cha asilimia 77.

Karata moja ya turufu imekizidisha maradufu kiwango cha uhakika kinachotakiwa. Nguvu ya wafalme na malkia haikuguswa.

Mipaka ya hesabu

Kanuni ya Vernes ni makadirio. Mara nyingi jumla halisi huzidi au hupungua kwa mzunguko mmoja, na mwaka 2004 Mike Lawrence na Anders Wirgren walitoa kitabu kizima cha kuipinga. Tena, wapinzani huweza kupanda hadi shupaza tano na kuvunjikiwa huko. Hiyo ni faida ambayo hesabu iliyo hapo juu haikuihesabu.

Hata bei zenyewe ziliwekwa na binadamu. Mkataba wa shupaza wa mizunguko yote 13, kwa upande ulio hatarini, huleta 2,210. Kabla ya mwaka 1987, asiyekuwa hatarini aliweza kupungukiwa na mizunguko 11 na kutozwa 2,100 tu. Kafara ya kichekesho ilikuwa na faida! Mwaka huo sheria za mashindano zilipandisha faini kuanzia upungufu wa mzunguko wa nne, na tangu hapo kikomo ni upungufu wa minane, kwa faini ya 2,000.

Uamuzi mzuri waweza kuleta tokeo baya, na uamuzi wa kizembe waweza kubahatika. Basi kafara hupimwa kwa yale yaliyoweza kujulikana wakati wa kuamua.

Zoezi kwa wanafunzi

Pande zote mbili haziko hatarini. Shupaza nne zikitimizwa huleta 420. Zikipungukiwa na mzunguko mmoja, wapinzani wao hupata 50. Tafuta uwezekano unaohalalisha kopa tano, jumla ya turufu ikiwa 19, kisha ikiwa 18. (Jibu: 5/9 kwa jumla ya 19. Kwa 18 hakuna uwezekano wowote, kwa kuwa kafara hupoteza katika hali zote mbili.)