ULIMI WA MHUBIRI NA MKONO WA SHERIA



Juma lililopita, baada ya somo la Alasiri, wanafunzi wangu wawili wakubwa walibaki uani mwa madrasa wakibishana kwa sauti ya chini. Nilipowakaribia, mmoja wao alinipa simu yake nisikilize. Ilikuwa sauti ya mhubiri mmoja, Mwislamu mwenzetu, aliyekuja kuzungumza katika mtaa wa pili. Robo saa ya kwanza ilikuwa maneno mazuri matupu juu ya sala na haki za wazazi. Kisha akaanza kuwataja majirani zetu wasiokuwa Waislamu. Akasema kuwaamkia ni haramu, na kula kwao ni kula uchafu. Mwisho akasema kuwa maduka yao yaliyo pale sokoni ni mali isiyo na heshima, na kwamba kijana mwenye imani hahitaji kuambiwa la kufanya.

"Maalim," akaniuliza yule mwenye simu, "mtu huyu si haki afungwe?"

Mwenziwe akamkata kauli. "Akifungwa huyu leo kwa maneno yake, kesho atafungwa Maalim kwa kutufundisha kuwa Nabii Isa si mwana wa Mungu."

Nikawaomba wanipe siku chache. Mtu wa umri wangu huona haya kumwambia mwanafunzi kuwa hana jibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Haya niandikayo ndiyo niliyoyapata katika siku hizo.

Kwanza yanipasa nikiri jambo langu mwenyewe. Katika miaka ya tisini, mihadhara ya kulinganisha dini ilipokuwa imeenea katika miji ya Tanzania, nami nilikuwa kijana niliyependa kusimama mbele ya kipaza sauti, Biblia mkono huu na Qur-ani mkono huu. Jioni moja hoja zilinipungukia. Badala ya kushuka jukwaani, nikaanza kuwafanyia mzaha Wakristo, namna wanavyoimba na namna wanavyolia katika maombi yao. Watu walicheka sana, nami nikaona nimeshinda. Asubuhi yake alipita mbele ya baraza yetu mama mmoja jirani, Mkristo, aliyemshika mama yangu mkono usiku ule niliozaliwa. Hakutuamkia. Mama yangu hakunigombeza; alikataa tu kula mpaka niende nikaombe radhi. Nilikwenda baada ya Adhuhuri. Yule mama akanipokea, akanipa kiti, wala hakusema neno juu ya mkutano, na hilo liliniumiza kuliko kama angalinitukana.

Je, siku ile nilistahili kifungo? Nasema la. Nilistahili aibu, nami niliipata kamili. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratul An'am aya ya 108, kuyatukana yale wanayoyaabudu wengine, wasije nao wakamtukana Yeye kwa uadui na kwa kutojua. Katazo hilo ni kali, lakini hapo halikutajwa gereza wala bakora. Yako makosa ya ulimi ambayo dawa yake ni mama mzazi aliyekataa kula.

Na yako maneno ambayo hata hayo makosa si makosa. Tanzania inacho kifungu cha 129 katika Kanuni ya Adhabu, kinachomtia hatiani mtu anayetamka neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwenziwe. Asili yake ni kongwe. Waingereza walikwisha kuandika mfano wake katika sheria yao ya jinai ya Uhindi ya mwaka 1860. Kwa kifungu hicho alishitakiwa mhubiri mmoja wa Kiislamu huko Morogoro, Hamisi Rajabu Dibagula. Alilolisema hadharani ni kuwa Yesu si mwana wa Mungu. Msomaji atashangaa, maana neno hilo kila mtoto wa madrasa amelihifadhi katika Suratul Ikhlas kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Dibagula akahukumiwa miezi 18. Mahakama Kuu ikampunguzia adhabu akatoka gerezani, lakini ikamwachia hatia. Akakata rufaa tena, Rufaa ya Jinai Nambari 53 ya mwaka 2001, na Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikaifuta hatia yenyewe. Haikuthibitika kuwa alikusudia kuumiza. Alikuwa akieleza itikadi ya dini yake, na Katiba inampa mtu uhuru wa kuabudu na kuitangaza dini.

Hukumu hiyo ningependa vijana wetu waisome, wala si kwa kushangilia. Maana mlango uliomtoa Dibagula ndio mlango wa mchungaji naye. Akisimama kesho na kusema kuwa Muhammad (S.A.W.) si mtume, nasi tukaumia, na tutaumia, basi kama ameyasema hayo kwa kueleza imani yake, hapana haki ya kumburuta kortini. Mwenye kutaka uhuru huo kwa nafsi yake tu hautaki uhuru, anataka ukubwa.

Basi mwanafunzi wangu wa pili alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini wa kwanza naye alikuwa na haki, na kisa chake kipo London.

Miaka hiyo hiyo alikuwako Uingereza mhubiri mwenye asili ya Jamaica, Abdullah el-Faisal. Huyu hakueleza itikadi. Katika mihadhara yake, ambayo kanda zake ziliuzwa madukani, aliwataka wasikilizaji wawaue Mayahudi, Mabaniani na Wamarekani. Mwaka 2003 mahakama ya London ilimhukumu miaka 9, ikapunguzwa baadaye kuwa 7. Tena tazameni: sheria waliyoitumia juu ya kushawishi mauaji haikutungwa kwa ajili ya masheikh. Ni ya mwaka 1861, na ingalimpata mlevi wa mtaani aliyemtuma mwenziwe akaue. Waliposema baadhi ya ndugu zetu kuwa Uislamu ndio uliofungwa, walikosea. Aliyefungwa ni mtu aliyeagiza damu.

Kisa hicho kilitufikia mpaka kwetu Afrika Mashariki. El-Faisal alifika Kenya mwishoni mwa mwaka 2009, akakamatwa Mombasa, na Januari 2010 vijana wa Kiislamu wakaandamana Nairobi kutaka aachiliwe, damu ikamwagika barabarani. Najiuliza ni wangapi katika vijana wale waliokuwa wamesikia kanda zake, na ni wangapi walimtetea kwa kuwa tu alikuwa na kilemba.

Wako watakaosema kuwa mahakama ni za serikali, na serikali haituamini. Sitawabishia, kila mtaa una machungu yake. Lakini Mombasa imetuonyesha lililo baya kuliko korti. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo Mohammed, aliyekuwa na kesi mbele ya mahakama, alipigwa risasi barabarani akiwa garini pamoja na watu wa nyumba yake. Wengi walichukizwa na mafundisho yake. Mimi ni mmoja wao. Lakini hakuna hakimu aliyemhukumu kifo. Mji ukawaka siku kadhaa, makanisa yakashambuliwa, wakafa wasiohusika. Neno ambalo lingalipimwa mbele ya hakimu, likapingwa kwa hoja na kuhukumiwa mchana, likajibiwa na mtu asiyeonekana uso.

Nimekwenda pia katika tarikhi yetu. Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) alipokuwa Khalifa, Makhawariji walimpigia kelele ndani ya msikiti wa Kufa, wakimwita mwenye kuacha hukumu ya Mungu. Angaliweza kuwafunga. Imepokewa kuwa aliwaambia hatawazuilia misikiti, wala hatawanyima fungu lao katika mali ya umma, wala hatawapiga vita mpaka waanze wao. Hakwenda kuwapiga Nahrawan, mwaka 658, ila baada ya wao kumwua Abdallah bin Khabbab aliyekuwa akipita njia na mkewe.

Mtu atasema, na mimi nilijisemea usiku, kwamba mmoja wa watu hao hao ndiye aliyemwua Sayyidna Ali katika Ramadhani ya mwaka 661. Aliyaacha maneno, na maneno yakamfuata mpaka msikitini. Ni kweli. Lakini hata akiwa kitandani na jeraha lake aliusia kuwa asilipizwe ila muuaji peke yake. Huyo ni mtu aliyejua tofauti ya anayekuchukia na anayekuua, na aliishika mpaka pumzi ya mwisho.

Kwangu mimi mpaka umepita hapo. Asemaye dini yako ni batili aachwe, ajibiwe kwa hoja. Asemaye wewe ni mchafu, aonywe na wazee wake, akatazwe mimbari na kamati ya msikiti. Hiyo ni kazi yetu, wala tusimsukumie askari polisi aibu ambayo sisi tumeshindwa kuitia. Ama anayeiambia hadhara kuwa damu ya fulani au duka la fulani ni halali, huyo hakutoa rai, ametoa amri, na mwenye kuamuru ni mwenzake mtendaji. Wala asingoje serikali mpaka pachomwe moto ndipo imshike. Awe sheikh au padri ni sawa. Nami nasema adhabu yake iwe nzito kuliko ya mlevi, maana mlevi hakuna amwaminiye. Lakini hakimu asikilize mhadhara wote toka mwanzo, si kipande kilichokatwa na adui, na akusudio lithibitishwe kama walivyodai majaji katika kesi ya Dibagula.

Wanafunzi wangu niliwaita Alhamisi nikawaeleza haya. Yule wa pili akauliza, "Na huyu wa mtaa wa pili, Maalim, ametoa rai au amri?" Tukaisikiliza tena sauti ile, sote watatu, mpaka pale penye maduka. Hakuna aliyesema neno.

Duka la kwanza pale sokoni, kwa mkono wa kulia, ni la mtoto wa yule mama aliyenipa kiti.

Jioni ile nilikwenda kwa mhubiri pamoja na wazee wawili wa msikiti. Alitukaribisha kahawa, akasikiliza, akasema tumemfahamu vibaya. Tukamtaka basi asimame pale pale aliposema ya kwanza, awafahamishe vizuri wale waliomsikia. Akasema atatazama. Tumempa mpaka Ijumaa ijayo. Simu ya kijana iko kwangu, ndani ya kabati la misahafu, na asiposimama Ijumaa hiyo, Jumamosi asubuhi nitaipeleka mwenyewe kituoni.